Bonaya Godana: Msomi wa maji aliyefia safarini kusaka amani

MAREHEMU Dkt Bonaya Adhi Godana alizaliwa mwaka 1952 katika jamii ya wafugaji wa Kigabra, kaskazini mwa Kenya, kando ya jangwa la Chalbi ambako kisima kimoja chaweza kuzusha vita. Huenda ndiyo sababu, alipofika Geneva, Uswisi, kusomea shahada ya uzamifu katika sheria ya kimataifa, alijishughulisha na maji. Kitabu chake cha mwaka 1985 kilichambua sheria zinazoongoza matumizi ya mito ya Nile, Niger na Senegal, na jinsi mataifa yanavyoweza kugawana maji bila kupigana.

Alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuingia Bungeni mwaka 1988 akiwakilisha North Horr. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 alikuwa Naibu Spika, na mnamo 1998 Rais Daniel arap Moi akamkabidhi Wizara ya Mashauri ya Nchi za Kigeni. Hakupata nafasi ya kupumua. Agosti mwaka huo magaidi walilipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Februari 1999 kiongozi wa Wakurdi, Abdullah Öcalan, akanaswa Nairobi baada ya kufichwa na wanadiplomasia wa Ugiriki. Baadaye alihamishiwa Wizara ya Kilimo. Kanu iliposhindwa mwaka 2002, yeye alihifadhi kiti chake.

Hata hivyo, mtihani wake mkubwa ulikuwa nyumbani. Alfajiri ya Julai 12, 2005, wavamizi walishambulia kituo cha Turbi na shule yake ya msingi. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wakiwamo watoto wapatao 20, wengi wao Wagabra. Kisasi kikafuata Bubisa, ambako Waborana waliuawa. Godana, Mgabra, na mbunge wa Moyale Guracha Galgallo, Mborana, wakajikuta pande mbili za uhasama huo. Mtu aliyeandika jinsi mataifa yanavyoweza kupatana sasa alitakiwa kuwapatanisha majirani.

Marsabit ilikuwa bado katika Mkoa wa Mashariki, makao yake makuu yakiwa Embu. Kutoka huko, msafiri alipita Meru hadi Isiolo kwa lami, kisha akakabiliwa na mamia ya kilomita za mawe na vumbi. Serikali ikaona afadhali ndege.

Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Anga aina ya Y-12, iliyoundwa China, ilipaa kutoka Nairobi ikiwa na watu 17 waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa amani. Godana na Galgallo walikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Ilipokaribia Marsabit, milima ilikuwa imefunikwa na ukungu. Iligonga kilima na kuwaka moto. Watu 14 waliangamia, wakiwamo Waziri Msaidizi Mirugi Kariuki, Askofu William Waqo wa Kanisa la Kianglikana, na wabunge Titus Ngoyoni wa Laisamis na Abdi Sasura wa Saku.

Hivyo wabunge wote wanne wa Marsabit na Moyale walitoweka kwa siku moja. Chaguzi ndogo ziliandaliwa Julai mwaka huo, na kiti cha Godana kikamwendea Ukur Yatani, ambaye mwaka 2013 alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Marsabit.