Albert Schweitzer na Walimu Wake wa Kinanda

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 mjini Kaysersberg, katika jimbo la Alsace, ambalo siku hizo lilitawaliwa na Ujerumani na leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji, na mwaka huohuo familia ilihamia kijiji cha Günsbach. Katika nyumba ya mchungaji palikuwa na piano kuukuu iliyorithiwa kwa babu mzaa mama, naye pia mchungaji na mpenzi mkubwa wa vinanda vya kanisani. Mtoto alikuwa na miaka mitano baba alipoanza kumfundisha. Alipofikisha minane, miguu yake ikizifikia pedeli kwa shida, alianza kujaribu kinanda cha kanisa, na akiwa na miaka tisa aliweza kushika zamu ya mpiga kinanda katika ibada.

Mwaka 1885 alipelekwa Mülhausen kusoma, akakaa kwa ndugu wa babu yake. Mama mwenye nyumba alimketisha kwenye piano kila siku baada ya chakula cha mchana, apende asipende. Mwalimu wake hapo alikuwa Eugène Munch, kijana mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Stefano, na kwa muda mrefu mwalimu huyo alimwona mwanafunzi wake kuwa ni mzigo. Albert hakufanya mazoezi aliyopewa. Alipendelea kupiga vya kwake, na mbele ya mwalimu alipiga kama mti mkavu, kwa kuwa aliona haya kumfunulia mtu mwingine yaliyokuwa moyoni mwake. Siku moja Munch alichoka. Akampa kipande kifupi cha Mendelssohn huku akimweleza waziwazi kwamba hakustahili muziki mzuri kama huo, na kwamba asiye na hisia hawezi kupewa hisia na mwalimu.

Maneno hayo yalimchoma. Juma zima alikifanyia mazoezi kipande hicho, akitafuta hata kidole kinachofaa kwa kila noti. Somo lilipofika alikipiga kwa moyo wote. Munch hakumsifu kwa maneno mengi. Alimsogeza, akaketi mwenyewe na kumpigia kipande kingine. Baada ya masomo machache alimwona anafaa kuanza Bach, na baada ya kipaimara akamfungulia kinanda kikubwa cha Mtakatifu Stefano. Munch alipofariki mwaka 1898, angali kijana, kijitabu cha kumkumbuka kiliandikwa na yule mwanafunzi aliyekuwa mzigo.

Mwaka 1893 alikwenda Paris kwa Charles-Marie Widor, bingwa wa kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice, ambaye kwa kawaida hakupokea wanafunzi wa nje ya chuo chake. Alimsikiliza kijana huyu, akampokea. Miaka mitano baadaye, akiwa tena Paris, Schweitzer alijifunza piano kwa walimu wawili kwa wakati mmoja, Isidor Philipp na Marie Jaëll. Kwa kuwa kila mmoja aliidharau njia ya mwenzake, ilimbidi awafiche wote wawili. Si jambo la kuwashauri vijana wa kwaya, ingawa mwenyewe alikiri kwamba alifaidika kwa wote.

Katika miaka iliyofuata alibarikiwa kuwa mchungaji huko Strasbourg, akafundisha theolojia, na mwaka 1905 akachapisha kitabu kikubwa juu ya Bach. Ndipo, mwaka huohuo, alipowaandikia jamaa na marafiki kwamba atasomea utabibu ili ahudumie wagonjwa Gabon. Widor alimkaripia, aliona ni sawa na jemadari kuacha kazi yake na kubeba bunduki mstari wa mbele. Schweitzer mwenyewe aliamini kwamba anakiaga kinanda.

Alifika Lambaréné, kando ya mto Ogowe, mwezi Aprili 1913 pamoja na mkewe Helene. Chama cha Bach cha Paris kilikuwa kimempa piano yenye pedeli kama za kinanda, iliyotandazwa zinki ndani kwa ajili ya nchi za joto. Ilivushwa kwa mtumbwi wa gogo moja ulioweza kubeba tani 3. Wakazi wa delta ya Rufiji, wanaojua mtumbwi ni nini na mchwa na unyevu hufanya nini kwa mbao, wataelewa safari hiyo bila kuelezwa. Jioni moja, akipiga Bach peke yake, aliona kwamba hapakuwa na haja ya kukiaga kinanda, kwani saa zake za kupumzika zilitosha kwa mazoezi. Vita vilipomfanya mfungwa mwaka 1917, alifanya mazoezi juu ya meza, sakafu ikiwa pedeli.

Alitoka kifungoni akiwa na madeni ya hospitali. Mwaka 1920 Askofu Mkuu Nathan Söderblom, Mlutheri wa Sweden, alimwalika Uppsala kutoa mihadhara, na kwa mihadhara na maonyesho ya kinanda huko alianza kuyalipa. Mwaka 1924 alirudi Lambaréné. Tangu hapo kila alipokwenda Ulaya vidole vyake vilinunua dawa na mabati.

Ni haki kusema pia kwamba aliwahesabu Waafrika kuwa ndugu wadogo, na kwamba katika hospitali yake mamlaka yalibaki kwa Wazungu. Wagabon wenyewe wamelisema hilo, na Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952 hailifuti.

Hata uzeeni, baada ya chakula cha jioni, alipiga wimbo wa ibada kwenye piano iliyochakaa ya chumba cha kulia. Alifariki tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa hapohapo Lambaréné, karibu na mto.