Francis Davis, mtu aliyelegeza volani ya kamyo

Mkaaji wa Lulimba anayekaa kando ya barabara ya taifa namba 5 anaijua vizuri picha hii. Kamyo imetoka Baraka na mizigo inayopelekwa Misisi, imesimama chini ya mwembe, chini yake mafuta yanadondoka tone kwa tone. Shofere anasema volani imekuwa nzito kama jiwe tangu alipopita Fizi. Fundi anatandika sheeting, analala chini ya gari, na kiisha saa moja sanduku ya direksyo imefunguliwa pale pale uani.

Wengi wetu tunamjua yule fundi. Mtu aliyefanikisha wazo la kutia mafuta ndani ya direksyo ili mkono wa shofere upumzike, huyo wachache tu wanamjua. Anaitwa Francis Wright Davis. Alizaliwa mwaka wa 1887 huko Philadelphia, Marekani, akasomea uinjinia kwenye chuo kikuu cha Harvard. Alipomaliza, aliingia kazi kwa Pierce-Arrow, kampuni ya mji wa Buffalo iliyotengeneza gari za matajiri, na tena makamyo. Yeye akawekwa upande wa makamyo.

Hapo ndipo alipoliona tatizo. Kamyo ya siku zile ilikuwa nzito mbele, na nguvu yote ya kugeuza magurudumu ilitoka kwenye mabega ya shofere. Ukiingia kwenye shimo ao ukigonga jiwe, volani inarudi na nguvu, inaweza kukuvunja kidole gumba. Mashofere wetu wa njia ya Lulimba hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Mwaka wa 1922 Davis aliacha mshahara wake mzuri. Alipangisha karakana ndogo mjini Waltham, jimbo la Massachusetts, akamchukua fundi mmoja hodari wa vyuma, George Jessup. Watu wawili, mashine chache, na swali moja: mafuta yatasaidiaje mkono?

Wazo la kutumia mafuta lilikuwepo tayari. Shida ilikuwa kuvuja. Ukiyafunga mafuta yakae na presha kubwa muda wote, usiku na mchana yatatafuta njia ya kutoka, na mwisho yataipata. Davis aligeuza hesabu. Aliacha mafuta yazunguke bure, bila presha, wakati gari inaenda moja kwa moja. Shofere akigeuza volani kidogo tu, mlango mdogo ndani ya sanduku unabana njia moja, presha inapanda, na pistoni inasukumwa upande ule anaoutaka. Akiacha kugeuza, mlango unafunguka, presha inaanguka. Mpaka leo, sanduku nyingi zinazofunguliwa na mafundi wetu zinafuata akili hiyo hiyo.

Tena kuna jambo lingine kubwa: chuma cha volani hakikukatwa na magurudumu. Pompi ikikufa njiani, volani inakuwa nzito sana, lakini gari bado inageuka. Kwenye mteremko, tofauti hiyo ni roho ya watu.

Davis alifunga kazi yake kwenye gari yake mwenyewe ya Pierce-Arrow, na mwaka wa 1926 akaiendesha mpaka Detroit kuwaonyesha wakubwa wa viwanda. General Motors wakapenda, wakafanya naye mapatano. Miaka ikapita katika majaribio. Lakini tangu 1929 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na gari zilinunuliwa kidogo. Mwaka wa 1934 kampuni ilipiga hesabu ikaona gharama ni kubwa mno, ikaachana naye. Miaka minane ya kazi, na hakuna gari hata moja dukani.

Mwaka wa 1936 akapatana na kampuni ya Bendix. Kiisha vita ya pili ya dunia ikafika, na gari nzito za chuma za jeshi zilihitaji volani nyepesi. Direksyo ya Davis ikafungwa kwenye maelfu ya gari za vita.

Mwaka wa 1951 Chrysler ndiyo iliyotangulia kuuza gari ya kawaida yenye direksyo ya mafuta, ile Imperial. Ilijengwa juu ya mawazo ya Davis ambayo muda wa hati zake ulikuwa umekwisha. General Motors kuona vile, wakarudi haraka kwa yule yule waliyemwacha. Mwaka uliofuata Cadillac zikatoka na kazi yake ndani. Alikuwa na zaidi ya miaka 60. Alifariki mwaka wa 1978, akiwa ameona direksyo yake imekuwa kitu cha kawaida duniani.

Kwa mafundi wetu, maisha ya Davis yanaacha somo moja la mkono: adui ni kuvuja na uchafu. Osha sanduku nje mbele ya kuifungua. Weka alama pale mkono wa direksyo unapokaa, usije ukaurudisha vibaya. Ukibadilisha mipira ya kuzuia mafuta, pitisha kwanza kidole kwenye mti wa chuma: kama una mikwaruzo ao kutu, mpira mpya utavuja nao ndani ya siku chache. Ukimaliza, inua magurudumu ya mbele, geuza volani kulia na kushoto polepole, ongeza mafuta mpaka mapovu yaishe. Na wewe shofere, usiibane volani mwisho kabisa muda mrefu. Hapo presha iko juu na pompi inaumia.

Lakini gari isirudi barabarani siku hiyo hiyo na watu juu ya mizigo. Ijaribiwe kwanza tupu, mahali pa wazi. Davis alichukua miaka kabla ya kuamini kazi yake mwenyewe. Sisi tuchukue hata nusu saa.