Red Auerbach

Arnold Jacob Auerbach, maarufu kama Red Auerbach (Brooklyn, New York, 20 Septemba 1917 – Washington, D.C., 28 Oktoba 2006), alikuwa kocha wa mpira wa kikapu kutoka nchini Marekani. Aliifundisha Boston Celtics tangu 1950 hadi 1966, akatwaa nayo ubingwa wa NBA mara 9.

Watu wengi hudhani benchi ni mahali pa wachezaji dhaifu. Auerbach alimweka hapo Frank Ramsey, mmoja wa wafungaji wake wazuri, na baadaye John Havlicek, ili waingie uwanjani wapinzani wakiwa wameanza kuchoka. Mchezaji wa namna hiyo huitwa mtu wa sita.

Tarehe 18 Aprili 1962, katika mchezo wa 7 wa fainali dhidi ya Los Angeles Lakers, Heinsohn, Sanders na Loscutoff walitolewa kwa kutimiza faulo 6 wakimkaba Elgin Baylor. Katika muda wa nyongeza kazi hiyo alipewa Gene Guarilia, mchezaji wa akiba aliyekuwa akicheza kwa nadra. Alimbana Baylor, na Celtics ikashinda 110–107. Sifa nyingi zilimwendea Bill Russell, aliyefunga pointi 30, lakini bila Guarilia huenda kombe lingepotea.

Mwaka 1966 Auerbach alimkabidhi Russell ukocha.