Anna Sewell: Hakuweza kutembea vizuri, akawatetea farasi waliombeba

Hebu piga picha hii. Uko London, miaka ya 1870. Gari la sonko fulani linapita likivutwa na farasi wawili weusi, vichwa juu, shingo zimepinda, povu jeupe mdomoni. Wewe na mimi tungesimama kando ya barabara tukasema, weh, hao farasi wako fiti kabisa. Na mwendeshaji aliyeshinda nao miaka ishirini angekubaliana nasi.

Anna Sewell angekwambia uangalie tena. Vile vichwa vimefungwa. Kuna ukanda mfupi unaotoka kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, ukapita juu na kunaswa mgongoni. Farasi akijaribu kuinamisha kichwa, chuma kinamvuta mdomo. Shingo inauma, pumzi inabana, na akifika mlimani hawezi kujiinamia mbele asukume mzigo kwa mabega. Hiyo yote ni kwa sababu ya fasheni tu.

Kwani Anna ni nani? Ndiye aliyeandika Black Beauty, ile stori ambayo farasi mwenyewe anasimulia maisha yake. Riwaya yake ni hiyo moja tu.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1820 huko Great Yarmouth, mji wa pwani mashariki mwa Uingereza. Alilelewa katika familia ya Waquaker, hao hao wa kanisa la Friends ambao huku kwetu wengi tunawajua kutoka Vihiga na Kakamega. Mambo nyumbani yalikuwa magumu. Babake alibadilisha kazi na familia ikawa ya kuhamahama. Mamake, Mary, ndiye aliyemfundisha nyumbani kwa muda mrefu, na baadaye akawa mwandishi.

Akiwa na miaka 14, akirudi kutoka shule, Anna aliteleza akaanguka na kuumia vifundo vya miguu yote miwili. Hakupona tena. Alitafuta matibabu hadi ng'ambo, lakini wapi. Kuanzia hapo, kutembea hata mwendo mfupi ilikuwa kazi, na kuna siku hakuweza kabisa.

Sasa fikiria. Mtu wa hivyo akitaka kutoka nyumbani anategemea nini? Farasi. Anna akawa dere wa familia. Alimpeleka babake stesheni na kumrudisha kwa gari dogo la farasi. Waliomjua wanasimulia kwamba aliacha hatamu zilegee, akawa anaongea na farasi njiani kama anayeongea na rafiki.

Hapo ndipo alipata jicho ambalo wataalamu wengi hawakuwa nalo. Usidhani watu wa farasi wakati huo walikuwa wajinga. Waliwajua farasi vizuri sana. Shida ni kwamba kila mmoja aliwapima kwa faida yake. Muuzaji aliangalia bei, tajiri akaangalia vile majirani watamwona, naye mwendeshaji akaangalia asifutwe kazi. Ukikaa ndani ya mchezo miaka mingi, maumivu ya mnyama yanageuka kuwa kitu cha kawaida, hata huyaoni tena. Anna alianzia upande wa pili: huyu farasi anapumuaje, na ametoka kazini akiwa na hali gani?

Alianza kuandika mwaka 1871, wakiishi Old Catton karibu na Norwich. Alikuwa mgonjwa, muda mwingi amelala kwenye kochi. Siku akiwa na nguvu aliandika kwenye vipande vya karatasi, akizidiwa alitamka na mamake akaandika. Kitabu kimoja kilichukua miaka sita. Na hakukiandikia watoto, ingawa leo kinawekwa kwenye rafu yao. Aliwalenga watu wa kazi: waendeshaji, watunzaji wa mabanda, vijana wa kuosha na kulisha farasi.

Angalia vile alivyowachora. Yuko kijana Joe, mgeni kazini, ambaye anampa farasi aliyetoka mbio, jasho tele, maji baridi na kumwacha bila blanketi. Farasi nusura afe. Joe hakuwa mkatili, hakuwa amefunzwa tu. Kisha yuko Sam, dereva wa teksi ya farasi. Kila siku anamlipa mwenye gari shilingi 18 kabla hajapata hata senti yake. Kama umewahi kuongea na dere wa matatu usiku na bado hajafikisha pesa ya mwenye gari, Sam utamwelewa haraka. Anamchapa farasi kwa sababu naye anachapwa na hesabu. Mwishowe Sam anaugua na kufa. Ile hesabu ilimla yeye pamoja na farasi.

Si rahisi kusoma hapo halafu uendelee kusema tatizo ni roho mbaya ya madereva. Anna alikataa jibu hilo rahisi. Lakini pia hakumpa mtu kisingizio, kwa sababu kwenye kitabu hicho hicho yuko Jerry, dereva wa teksi asiye na pesa nyingi ambaye bado anawatunza farasi wake.

Kitabu kilitoka Novemba 1877. Alilipwa mara moja tu, basi. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Aprili 1878, Anna akafariki akiwa na miaka 58. Hakuishi kuona mamilioni ya nakala zikiuzwa. Siku ya mazishi, inasimuliwa kwamba mamake alichungulia nje akaona farasi wa msafara wamefungwa vichwa juu kwa ule ukanda. Akaamuru ufunguliwe kabla safari haijaanza.

Mwaka 1890, mtetezi wa wanyama George Angell wa Boston alikichapisha Marekani na kukigawa bure kwa waendeshaji na wafanyakazi wa mabanda. Hatimaye kikawafikia wale Anna aliowaandikia. Na kile kitabu kinatajwa kati ya vitu vilivyofanya watu waanze kuuonea aibu ule ukanda, hadi fasheni yake ikafifia.

Sisi hatuna magari ya farasi mtaani, lakini punda wa mikokoteni ya maji tunao. Kesho ukipishana na mmoja, kabla hujamtukana mwenye kiboko, angalia kamba inamkata wapi punda na mzigo umelalia upande gani. Kisha uliza mkokoteni ni wa nani, na huyo kijana anatakiwa kupeleka pesa ngapi jioni.