Mwalimu Nyerere na Bomu la Atomiki

Ndugu mkulima wa Ihanja, mkoani Singida, aweza kutuuliza bomu la atomiki lamhusu nini yeye mwenye shamba la alizeti. Twamjibu kwa kumkumbusha maisha ya Mwalimu Julius Nyerere.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955 kuidai Tanganyika, hakuchukua bunduki, alichukua hoja. Mwaka 1961 tukajitawala. Somo hilo hakulisahau: mnyonge aweza kumdai mwenye nguvu mbele ya sheria.

Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa Afrika, naye akiwamo, walitamka kwamba bara letu lisiwe na silaha za atomiki. Mwaka 1984 aliungana na viongozi wa Argentina, India, Mexico, Sweden na Ugiriki kuyataka mataifa makubwa yaache kuyajaribu na kuyaunda mabomu hayo. Januari 1985 walikutana Delhi, wakalirudia dai lao. Tanzania haikuwa na bomu hata moja, lakini ilikuwa na watu ambao moto wa vita hivyo usingewabagua.

Mwalimu aliishi hata akaiona Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikilipima jambo hilo. Tarehe 8 Julai 1996 majaji walieleza kwamba kuzitumia silaha hizo, au kutishia kuzitumia, kwa jumla ni kinyume cha sheria za vita. Hata hivyo hawakukata shauri juu ya taifa linalojihami likiwa katika hatari ya kuangamia. Kura zilikuwa saba kwa saba, ikaamua kura ya Rais wa Mahakama, Mohammed Bedjaoui wa Algeria. Ila kwa jambo moja wote walikubaliana: mataifa yana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema, na kuyafikisha mwisho mazungumzo ya kuziondoa silaha hizo.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba wa Pelindaba, unaozikataza silaha hizo barani Afrika, ulianza kutumika mwaka 2009. Lakini mataifa makubwa hayajautimiza wajibu wao.

Basi tusidhani jambo hili li mbali. Katika Mkoa huohuo wa Singida, wilayani Manyoni, imegunduliwa urani, madini yanayoweza kuundiwa mabomu hayo. Hatuna budi kuendelea kudai kama alivyodai Mwalimu, kwa maana deni lisilodaiwa halilipwi.