Monty Oum: fundi wa katuni mwenye hakungojea vyombo vya matajiri

Monty Oum alifariki tarehe 1 mwezi wa pili 2015, huko Marekani, akiwa na miaka 33 tu. Aliacha kazi yenye ilikuwa haijamalizika: katuni ya wasichana wanne wapiganaji, inaitwa RWBY, na watu wanaitamka Rubi. Wakati ile wengi walifikiri katuni itazikwa pamoja naye, juu yeye njo aliianzisha na yeye njo alichora mapigano yake. Lakini zaidi ya miaka kumi imepita, na RWBY ingali na jina. Kampuni alimofanyia kazi njo ilifungwa mwaka 2024. Namna mambo yalifika pale inaonekana katika safari ya maisha yake.

Mtoto wa Providence

Jina lake la kuzaliwa ni Monyreak Oum. Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa sita 1981 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Asili ya jamaa yake ilikuwa Asia: Kambodia, Vietnam, China na Japani. Hakupitia chuo chochote cha sinema. Alichokijua juu ya katuni, alijifundisha mwenyewe mbele ya kompyuta, huku akicheza michezo ya video na kuangalia kwa makini namna wapiganaji wa ndani ya mchezo wanatembea, wanaruka na kuanguka.

Miaka ile, kutengeneza katuni za kompyuta ilikuwa jambo la wenye pesa. Studio kubwa zilitumia programu za bei kali, na kila programu ilihitaji mtu mwenye kuisomea. Oum alichukua Poser, programu ya bei ndogo. Wachoraji wengi waliitumia tu kwa kuweka mtu wa bandia katika mkao fulani, ili wamchore vizuri. Mafundi wakubwa hawakuiheshimu sana. Kwake yeye ilitosha.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Ndani ya kompyuta kuna mtu wa bandia mwenye mifupa isiyoonekana. Fundi anaamua mkono uwe wapi, goti liwe wapi, shingo iangalie wapi. Halafu anaamua tena kwa sekunde inayofuata, na kompyuta inajaza yenye iko katikati. Inaonekana kama kazi rahisi, lakini ikiwa fundi hajui uzito wa mwili, yule mtu ataelea sawa vile karatasi ndani ya upepo. Ngumi ikichelewa kidogo tu, mtazamaji haisikii. Oum alikuwa na jicho la mambo yale. Mtu akipigwa katika katuni zake, mtazamaji anaona nguvu imetoka mguuni, imepita kiunoni, imefika mkononi. Mara nyingi hakuchora mpango ku karatasi kwanza. Alijenga mapigano moja kwa moja ndani ya kompyuta, pigo moja likizaa lingine.

Jina linatoka

Mwaka 2007 alitoa video fupi yenye jina Haloid. Ndani yake alichukua askari wa mchezo wa Halo, akamkutanisha na Samus, mpiganaji wa mchezo wa Metroid. Michezo ile miwili ni ya kampuni mbalimbali: Halo ni ya Microsoft, Metroid ni ya Nintendo. Hakuna mwenye angewaona wale wawili pamoja dukani. Vijana wenye kupenda michezo walikuwa wanabishana kila siku nani atamshinda nani, na Oum aliwapa mapigano yenyewe waangalie kwa macho. Video ilisambaa ku intaneti na kuangaliwa na mamilioni ya watu.

Mwaka uleule alianza kazi nyingine, Dead Fantasy, yenye kupambanisha wasichana wa michezo miwili ya Kijapani, Final Fantasy na Dead or Alive. Ilitoka kwa vipande, na kila kipande kilishinda kile cha mbele kwa ukali. Ile nayo hakuifikisha mwisho.

Hapo njo palikuwa na shida yake kubwa. Watu wote wa ndani ya video zile walikuwa mali ya wengine. Hangeweza kuziuza, hangeweza kusema hadithi ni yake. Faida aliyopata ilikuwa jina tu, na jina lile lilimfungulia mlango wa kazi. Kampuni ya michezo Namco Bandai ilimchukua apange mapigano ya mchezo wa Afro Samurai, uliotoka mwaka 2009. Kijana mwenye alijifundisha nyumbani akawa sasa anakaa meza moja na mafundi wenye vyeti.

Ndani ya nyumba ya wachekeshaji

Mwaka 2010 alihamia Austin, mji wa jimbo la Texas, kufanya kazi na kampuni ndogo inaitwa Rooster Teeth. Kampuni ile ilijulikana kwa kuchekesha. Tangu tarehe 1 mwezi wa ine 2003, Burnie Burns na marafiki zake walikuwa wanatoa Red vs. Blue, vichekesho vyenye kurekodiwa ndani ya mchezo wa Halo wenyewe. Njia yao ilikuwa rahisi: watu kadhaa wanashika vidude vya kuchezea, kila mmoja anamwongoza askari wake sawa vile mwanasesere, anamtingisha kichwa ili aonekane anaongea, halafu sauti zinaongezwa nyuma. Hadithi ilikuwa ya vikosi viwili vya askari, wekundu na wa bluu, wenye kukaa katika bonde moja lisilo na maana yoyote. Wanashinda siku nzima wakibishana juu ya mambo ya bure, na hakuna hata mmoja mwenye anajua vita vile ni vya nini.

Vichekesho vile vilisimama juu ya sauti. Askari wanavaa kofia za chuma, uso hauonekani, mdomo hautembei. Mchezo wenyewe uliwaruhusu kutembea, kuruka na kupiga risasi, basi. Oum alipofika, aliwapa mwili. Katika msimu wa 8, mwaka ule wa 2010, alitengeneza pigano lenye mashabiki wanalikumbuka mpaka leo: Tex, askari mwanamke, anawapiga wanaume wa vikosi vyote viwili peke yake. Ni pigano la kweli, na ni kichekesho pia. Kila mmoja anapigwa kwa namna yenye kufanana na tabia yake, yule mvivu kwa namna yake, yule mwenye kujivuna kwa namna yake. Watazamaji walicheka huku wameshika kichwa.

Katika misimu miwili iliyofuata kazi yake iliongezeka. Sehemu kubwa ya hadithi ya zamani ya wale askari ilitengenezwa kwa katuni kamili, na Oum njo aliongoza. Kampuni ya vichekesho ikawa pia nyumba ya katuni.

Hadithi yenye ni yake

Lakini hata pale bado alikuwa anachezesha watu wa wengine. Kwa hiyo alipeleka wazo lake kwa wakubwa wa kampuni: wasichana wanne, kila mmoja na rangi yake. Ruby ni mwekundu, Weiss ni mweupe, Blake ni mweusi, Yang ni wa manjano. Kila mmoja ametoka katika hadithi za zamani zenye wazazi wa Ulaya wanasimulia watoto: Ruby anatoka kwa msichana wa kofia nyekundu mwenye kukutana na mbwa mwitu, Weiss anatoka kwa binti mfalme mweupe kama theluji. Silaha zao zote zinabadilika. Mundu wa Ruby ni mrefu kumshinda mwenyewe, na ukikunjwa unakuwa bunduki.

Kionjo cha kwanza kilitoka mwezi wa kumi na moja 2012, mwishoni mwa msimu wa 10 wa Red vs. Blue. Kipindi chenyewe kilianza mwezi wa saba 2013, na watu wenye walikusanyika katika mkutano wa mashabiki huko Austin walikiona wa kwanza. Oum aliandika hadithi pamoja na Miles Luna na Kerry Shawcross. Muziki ulitungwa na Jeff Williams, na binti yake Casey akaimba. Oum mwenyewe alitoa sauti ya Ren, kijana mnyamavu mwenye kuongea kidogo.

Msimu ule wa kwanza ulikuwa na upungufu wake, na watu waliusema. Kikosi kilikuwa kidogo, wakati ulikuwa mfupi, programu ilikuwa ileile Poser. Katika barabara za mji, wapita njia wote walikuwa vivuli vyeusi bila uso, juu hakukuwa na mikono ya kutosha ya kuwatengeneza. Oum hakungojea mpaka kila kitu kikamilike. Nguvu aliziweka pale alipojua watu wataangalia, katika mapigano, na msimu wa pili, mwaka 2014, vivuli vile vikapata sura.

Wenye walifanya kazi naye walimjua kama mtu asiyehesabu masaa. Alilala kidogo, alibaki kazini usiku, kesho yake anaonyesha pigano lenye wengine wangelifanya kwa siku nyingi. Mwendo ule ulimpa kazi nyingi kwa miaka michache. Lakini ulileta pia swali zito kwa kampuni: kazi yenye imeegemea mtu mmoja, siku hayuko nani ataibeba?

Kifo cha ghafla

Siku ile ilifika bila taarifa. Mwezi wa kwanza 2015, Oum alikuwa anafanyiwa tiba yenye ilionekana ndogo. Mwili wake ukakataa vikali, ile yenye waganga wanaita mzio na watu wengi wanaita alerji. Alipoteza fahamu, hakuamka tena. Mashabiki walichanga pesa kwa ajili ya gharama za hospitali, na mchango ulipita haraka kiasi chenye kiliombwa. Tarehe 1 mwezi wa pili aliaga dunia. Aliacha mke, baba, ndugu zake, na vijana wengi duniani wenye walianza kuchora kwa sababu yake.

Katika tangazo la msiba, kampuni haikuomba maua. Iliomba kila mwenye alimpenda afanye kitu cha kubuni kwa mikono yake, ili dunia iwe bora kidogo. Watu walituma michoro, nyimbo, mavazi, video.

Yenye ilibaki

Luna na Shawcross waliendelea. Walikuwa wamekaa naye, wanajua hadithi inaelekea wapi, na mafundi wenye alikuwa amewaongoza walishika mapigano. Msimu wa tatu ulitoka mwezi wa kumi 2015. Mashabiki wengine walilalamika, na wanalalamika mpaka leo, kwamba mapigano hayana tena mkono wa Oum. Ni kweli mkono ule haukurudi. Lakini hadithi haikukatika. Mwaka uleule RWBY ilionyeshwa katika nyumba za sinema za Japani, kwa lugha ya Kijapani. Kazi ya Mmarekani mwenye alijifundisha kwa kuangalia michezo na katuni za Wajapani ilikuwa imeenda kuonyeshwa kwao.

Kampuni ya Rooster Teeth haikudumu hivyo. Ilipita mikononi mwa makampuni makubwa, na mwezi wa tatu 2024 mwenye mali akatangaza kwamba inafungwa, baada ya miaka zaidi ya 20. Wafanyakazi walitawanyika. Kwa miezi kadhaa haikujulikana RWBY itaenda wapi, mpaka mwezi wa saba, wakati kampuni ya Viz Media, yenye kuuza vitabu na katuni za Kijapani huko Marekani, ilipoinunua.

Na yule Ren mnyamavu hakupotea. Oum alipofariki, swali lilikuwa nani atamsemea. Ndugu yake, Neath Oum, alikubali kuchukua nafasi ile. Kuanzia msimu wa tatu, kila Ren anapofungua mdomo, sauti yenye inasikika ni ya Neath.