René Laennec: Tabibu Aliyekipa Kifua Ulimi

René Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 mjini Quimper, katika jimbo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 5, mamake aliaga dunia, yamkini kwa kifua kikuu. Babake, mwanasheria aliyependa kutunga mashairi kuliko kulea, aliwapeleka wanawe kwa jamaa. Hatimaye René alilelewa na ami yake Guillaume, daktari wa mjini Nantes. Huko ndiko alikoanza kujifunza tiba, na huko ndiko alikoyaona Mapinduzi ya Ufaransa yakimwaga damu: nyumba ya ami yake ilielekeana na uwanja ambapo watu walikatwa vichwa.

Mwaka wa 1801 alikwenda Paris, akawa mwanafunzi wa Jean-Nicolas Corvisart, bingwa wa maradhi ya moyo. Corvisart ndiye aliyeifufua mbinu ya Leopold Auenbrugger wa Vienna. Auenbrugger, mwana wa mwenye nyumba ya wageni, alikuwa ameandika mwaka wa 1761 kwamba kifua kikigongwa kwa vidole hutoa mlio unaofichua kilichomo ndani, kama pipa litoavyo mlio tofauti likiwa tupu na likiwa limejaa. Zaidi ya hapo, tabibu wa enzi hizo alitegemea maelezo ya mgonjwa, mapigo ya mshipa na rangi ya uso. Mgonjwa wa moyo na mgonjwa wa mapafu walilalamikia mambo yale yale: pumzi kukatika, kikohozi, maumivu. Ukweli ulidhihirika maiti ilipopasuliwa, wakati ambapo haukuweza tena kumfaa mwenyewe.

Mwaka wa 1816 rafiki yake Gaspard Bayle, mtafiti wa kifua kikuu, alifariki kwa ugonjwa huo huo. Kakake Laennec, Michel, alikuwa ametangulia mwaka wa 1810. Katika mwaka huo wa 1816 Laennec aliajiriwa katika hospitali ya Necker. Akaletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgonga kifua hakukusaidia kwa kuwa alikuwa mnene. Kumwekea sikio kifuani kulizuiwa na haya. Laennec akakumbuka kwamba sauti husafiri ndani ya kitu kigumu: ukikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, aliyeweka sikio kwenye ncha ya pili husikia. Akakunja karatasi zikawa kama mwanzi, akaweka ncha moja kifuani na ya pili sikioni. Mapigo ya moyo yakasikika wazi kuliko alivyowahi kuyasikia.

Kisa hicho ndicho kinachosimuliwa sana, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kwa takriban miaka 3 alisikiliza vifua na kuandika alichosikia. Mgonjwa alipofariki, alimfuata hadi chumba cha kupasulia maiti, akalinganisha sauti na alichokiona mapafuni na moyoni. Karatasi nazo alizibadilisha kwa mbao, akikereza vyombo hivyo kwa mikono yake mwenyewe.

Ndipo alipokabiliwa na tatizo ambalo mwanaistilahi yeyote analijua: sauti zilikuwepo, majina hayakuwepo. Chombo alikiita stetoskopu, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifua na kutazama. Sauti ya mgonjwa mwenye maji pembezoni mwa pafu, inayotetemeka kama mlio wa mbuzi, aliipa jina lililoundwa kwa neno la Kigiriki la mbuzi. Neno la Kifaransa la mkoromo lilimtatiza zaidi, maana wagonjwa walilihusisha na mkoromo wa anayekata roho. Mbele yao, basi, alitumia neno la Kilatini wasilolielewa. Ni nadra istilahi kuundwa kwa huruma kiasi hicho.

Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1819. François Broussais, aliyeamini kwamba karibu maradhi yote chanzo chake ni mwasho wa tumbo na matumbo, alimpinga vikali. Laennec naye hakuwa sahihi katika kila jambo: alitilia shaka kwamba kifua kikuu huambukiza, na ni mwaka wa 1882 tu Robert Koch alipokibainisha kijidudu chake.

Afya yake ilimrudisha Bretagne mwaka ule wa 1819. Alirejea Paris mwaka wa 1821, na mwaka uliofuata akawa profesa katika Collège de France. Akaoa mwaka wa 1824. Toleo la pili la kitabu, lililopanuliwa sana, lilitoka mwaka wa 1826 huku kikohozi na homa vikimmaliza. Akamwomba mpwa wake Mériadec, aliyekuwa daktari pia, amsikilize kifuani na kumweleza anachosikia. Mpwa akaeleza. Laennec hakuhitaji kufasiriwa. Sauti hizo alikuwa amezitaja mwenyewe kitabuni.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1826 nyumbani kwake Kerlouarnec, akiwa na umri wa miaka 45. Katika wasia wake alimwachia Mériadec saa yake, pete yake na stetoskopu yake.